Karani Aliyegawa Namba za Jezi

Karani wa timu yetu hakuupenda mpira, na wala hakujisumbua kulificha jambo hilo. Katika miaka mitatu niliyomjua pale chuoni alikuja uwanjani mara nne, na mara zote nne alikaa ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, akifuma sweta ambalo sikuwahi kuliona likiisha. Tukifunga goli tulipiga kelele, naye aliinua macho kuhakikisha kwamba hakuna aliyevunjika mguu, akarudi kwenye uzi wake. Mechi ikiisha alishusha kioo kidogo na kuuliza, "Mko kumi na moja bado?" Matokeo aliyasoma kesho yake, kama watu wengine wanavyosoma habari za hali ya hewa ya nchi ya mbali.

Cheo chake kamili kilikuwa kirefu, kimeandikwa mlangoni kwa Kiingereza, kitu kuhusu usaidizi wa uendeshaji wa michezo. Tukiwa wenyewe tulimwita Karani. Mbele yake tulimwita Anti. Alikuwa Mhindi wa Kisumu, aliyekuja Birmingham kabla sijazaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha Kisumu, cha mtu mwenye foleni ya wateja mlangoni. Siku ya kwanza nilimwamkia "Shikamoo" kama nilivyolelewa Dodoma. Akanitazama juu ya miwani.

"Hiyo ni ya Tanzania," akasema. "Hapa sema habari, halafu sema umeleta nini."

Nilikuwa nimeleta picha mbili za kadi ya usajili. Alizikataa zote kwa sababu eti nilikuwa natabasamu, na refa akiona kadi ya mtu anayetabasamu atadhani timu nzima haiko makini. Nilirudi na picha ambazo ninaonekana kama mtu aliyefiwa. Hizo alizipenda.

Benchi letu la ufundi lilikuwa na watu watatu. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa unesi aliyebeba mkoba wa dawa, dawa zenyewe zikiwa barafu na plasta. Wa pili alikuwa kocha, Mwingereza mwenye sauti ya kukwaruza, fundi wa kiwanda cha magari kule Longbridge, aliyekuja kutufundisha akitoka zamu. Wa tatu alikuwa Karani. Kocha aliamini kwamba timu ni yake, na kwa heshima ya umri wake hakuna aliyemweleza vinginevyo. Kikosi kilipangwa Jumanne saa kumi alasiri, na kilipangwa na mwanamke ambaye hakujua tofauti ya kona na kurusha.

Nianze na jezi, maana watu nikiwasimulia hudhani natia chumvi. Namba za jezi za timu yetu hazikuhusiana na nafasi uwanjani. Zilihusiana na alama za darasani. Mwenye alama za juu kuliko wote alivaa namba moja, aliyemfuata namba mbili, na kuendelea hadi kumi na sita. Kila muhula matokeo yakitoka, namba zilihama. Kwa kuwa hakutaka kununua jezi mpya kila muhula, alizikata namba za kitambaa nyumbani kwake, akazishonea vifungo vya kubana, ukawa unaweza kuibandua tisa mgongoni mwa mtu na kumbandika mwingine. Ukichezewa rafu mbaya namba yako ilidondoka. Niliwahi kumwona refa akiokota tatu na nane kwenye matope asijue amrudishie nani.

Aliyeteseka zaidi na utaratibu huo alikuwa kipa wetu, Mkongomani wa Uvira aliyefika Uingereza na familia yake kama wakimbizi, mtu mrefu, mpole, anayesali kabla ya kila mechi na katikati yake. Mwaka wa kwanza alivaa kumi na tano. Alikwenda ofisini kulalamika, nami nikamsindikiza kwa sababu sikutaka kukosa.

"Anti, pardon," akasema. "Miye niko gardien. Gardien anavalaka numéro moya. Dunia muzima."

"Dunia nzima mimi sisimamii," Karani akajibu bila kuacha kupiga mihuri. "Ukitaka namba moja, soma kama namba moja."

Mimi nilianza vizuri, namba nne. Muhula wa pili nikashuka hadi tisa, na hapo nikajifunza kitu. Nilikuwa beki wa kulia, beki wa kawaida kabisa, ambaye katika maisha yake alikuwa amefunga goli moja, nalo langoni mwetu. Lakini timu ngeni ziliona tisa mgongoni, zikajua huyu ndiye mshambuliaji. Kila nilipokwenda nilifuatwa na wanaume wawili wenye vifua. Nikienda kunywa maji, nao wanakuja. Huku mbele, mshambuliaji wetu wa kweli, aliyekuwa anasomea famasia na kuvaa namba moja, alibaki peke yake na lango, maana nani atamkaba kipa aliyepotea njia? Kocha alikuwa amelalamika mwaka mzima kuhusu namba zile. Baada ya mechi ya kwanza ya namna hiyo hakulalamika tena, akaanza kusimulia kule Longbridge kwamba ni mbinu yake.

Kwenye fedha Karani alikuwa mgumu hadi unamhurumia anayemwomba. Umoja wa wanafunzi ulitupa fungu dogo kwa mwaka, naye alilinda fungu hilo utadhani ni mahari ya binti yake. Kocha aliomba mpira wa pili wa mazoezi. "Uko na moja," akamwambia kwa Kiingereza, kisha akatugeukia sisi kwa Kiswahili, "Kwani hao wanacheza ngapi mara moja?" Aliomba soksi za akiba, akaambiwa kila mchezaji ana miguu miwili na ameshapewa soksi mbili. Tena aliamini kwamba kila aliyelipiwa bima lazima acheze, la sivyo pesa ya chuo imepotea bure. Wachezaji wa akiba walimpenda mno kwa hilo. Kila mechi, kipindi cha pili kikianza, kocha aliwaingiza wote kwa mkupuo, hata tukiwa tunaongoza, maana mechi zilikuwa Jumatano na Alhamisi Karani angemuuliza.

Lakini pesa yake mwenyewe ilitoka kirahisi. Kila safari tulikuta ndani ya basi mfuko wa bajia za moto alizokaanga alfajiri, zenye pilipili ya kumfanya kipa wetu aombe kwa lugha tatu. Na kuna jambo la miwani, ambalo lazima nilisimulie, kwa sababu hapo ndipo nilipoacha kumcheka kwa dharau na kuanza kumcheka kwa heshima.

Kipa alikuwa akifungwa mashuti ya mbali. Ya karibu alidaka kama paka, ya mbali yalimpita amesimama. Kocha akasema kijana ni mvivu. Karani hakuona hata shuti moja kati ya hayo, alikuwa na karatasi za alama tu mbele yake. Akamwita.

"Hii somo mwalimu anaongea tu, uko na sabini. Hii anaandika kwa ubao, uko na thelathini. Unakaa wapi darasani?"

"Nyuma, Anti."

"Kesho tunaenda kwa daktari ya macho."

Alimpeleka mwenyewe kwa gari lake na kulipa mwenyewe. Kipa alirudi na miwani, na kwa ajili ya mechi akapewa lenzi za kuweka machoni. Alishangaa kugundua kwamba goli la upande wa pili lina nyavu. Muhula huo mashuti ya mbali yakaisha, na namba yake ikapanda kutoka kumi na tano hadi sita. Kocha akasema mazoezi yake yamezaa matunda.

Karani alijuaje alama zetu? Kila kitivo kina karani, na makarani wote wa chuo kile walikula bajia zake. Alizungukia ofisi zao Jumatatu na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, akaulizia watoto wao, akasikiliza habari za migongo yao inayouma, na akaondoka akijua nani amekosa mhadhara. Nasi tulikuwa na wajibu wetu. Kila Jumanne ulipaswa kwenda mwenyewe, usimame mbele ya meza yake, useme kama kazi zako za wiki umezipeleka au hujazipeleka. Ukisema umezipeleka, aliinua simu mbele yako na kupiga kitivoni kuuliza. Hata kwa yule wa namba moja alipiga. Mkenya mmoja wa timu yetu aliwahi kumwuliza, "Anti, kwani hutuamini?" Akajibu, "Nawaamini sana. Simu ni ya kuwasaidia nyinyi mzoee kusema ukweli." Ukisema hujapeleka, hakukugombeza hata kidogo. Alikuacha nje ya orodha na kukuambia maktaba inafungwa saa ngapi.

Watu wa idara nyingine walimwona mkali. Alikuwa mkali. Alitukataza umbea naye alikuwa na habari za chuo kizima. Alisema mpira ni upuuzi wa wanaume ishirini na wawili, kisha nikamsikia akimfokea karani wa chuo kingine kwenye simu kwa sababu uwanja wao una mashimo na "watoto wangu" wataumia. Alijivunia kitu kimoja tu. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha za mahafali za wachezaji wa miaka ishirini, na alipenda kukuambia kwamba jina likishaingia kwenye orodha yake linatoka limevaa joho. Hakuna aliyewahi kukwama, alisema, hata mmoja. Alisema hivyo kwa kila mgeni, hata kwa fundi wa bomba.

Sasa nije kwenye yangu, maana nimezunguka vya kutosha.

Mwaka ule kiwanda cha Longbridge kilipofungwa na kocha wetu akabaki bila kazi, mimi nilikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi na namba yangu ilikuwa kumi na sita. Chini yake hakuna namba. Tulikaa Alum Rock mimi na mama yangu, aliyekuwa akifanya usafi katika hospitali moja kule Edgbaston, na ambaye alikuwa ameshawaambia wanawake wote wa kanisani kwamba mwanawe ni injinia. Nilikuwa nimefeli somo moja mwaka uliotangulia na kupewa nafasi moja ya kulirudia. Barua ya kitivo ilisema wazi: kazi ya kusanifu daraja dogo la waenda kwa miguu iwasilishwe Jumatano kabla ya saa kumi na moja jioni, na nisipoiwasilisha nimeondolewa chuoni. Jumatano hiyohiyo saa nane mchana tulikuwa na nusu fainali, ugenini.

Jumanne kazi ilikuwa imefika nusu. Kocha alikuwa ameniambia beki mwingine wa kulia hana, na kwamba hii huenda ikawa timu yake ya mwisho kufundisha. Nikajipa moyo kwamba nitamaliza Jumatano asubuhi. Nikaenda ofisini kwa Karani.

Nilimkuta amesimama, amevaa koti, mkoba begani. Mume wake alikuwa amelazwa siku mbili kabla, moyo. Orodha ilikuwa mezani, imebaki nafasi moja.

"Umesubmit?" akaniuliza.

"Nimeshapeleka, Anti."

Aliitazama simu. Akaitazama saa ya ukutani. Mkono wake ulikwenda nusu ya njia, nikaona vidole vyake vinagusa meza karibu na simu. Kisha akachukua kalamu.

"Sawa," akasema, akaandika jina langu na kutoka mbio.

Tulishinda bao mbili kwa moja. Nilicheza vizuri kuliko siku zote, nalisema bila aibu kwa sababu ndicho kitu pekee cha siku ile nisichokionea aibu. Asubuhi sikumaliza lile daraja. Saa kumi na moja ilitukuta barabarani, basi zima linaimba, na mimi niliimba pia, kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Wiki iliyofuata kitivo kiliniondoa. Karani alinipigia simu mara tatu na sikupokea. Sikurudisha hata jezi. Kwa miezi miwili niliendelea kutoka nyumbani kila asubuhi na begi la vitabu, nikashinda maktaba ya mtaani nikisoma magazeti, jioni narudi na kumwambia mama masomo yanaendelea. Nilipomwambia ukweli alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja hadi zikaisha, akaenda kulala, na kwa siku nne hakunisemesha. Siku ya tano akaniambia nikatafute kazi. Nikapata kwenye ghala la vifurushi. Kila nilipohitaji kupita karibu na chuo nilibadilisha basi, hata kama ni kupoteza nusu saa, ili nisikutane na Karani. Nilikuwa na hakika kwamba ananichukia, na niliona ana haki.

Miaka minne ikapita. Jumamosi moja asubuhi mama alinituma mboga, nikaingia dukani kwa muuza mboga tuliyemzoea pale Alum Rock. Karani alikuwapo. Amezeeka, amepungua, amesimama kwenye sanduku la bamia akivunja ncha zake moja moja kupima kama ni changa, na mwenye duka akimtazama kwa uchungu. Nikaanza kurudi nyuma taratibu.

"Usitoroke," akasema bila kugeuka. "Nimekuona tangu uko kwa vitunguu."

"Habari, Anti."

"Mzuri. Umekuwa mnene."

Nikauliza habari za mzee wake. Akasema wiki ile alitoka hospitali mzima. "Alikufa mwaka jana, lakini hiyo ilikuwa kitu ingine." Nikampa pole. Akavunja bamia nyingine. Nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena.

"Anti, ile Jumanne nilikudanganya."

"Najua. Thursday nilijua."

"Naomba unisamehe."

"Miaka ishirini nilipiga hiyo simu," akasema. "Kila mtu, kila wiki. Siku moja tu sikupiga. Nilikuwa nakimbia ward, nikasema, aah, huyu hajawahi kunidanganya. Ningepiga, ungekasirika, ungeenda library, ungemaliza."

"Kosa lilikuwa langu, Anti. Si lako."

"Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa karani."

Miaka minne yote nilidhani amenikasirikia mimi, kumbe alikuwa amejikasirikia mwenyewe, na mimi ningeweza kumpunguzia mzigo huo siku yoyote kwa kupokea simu. Nilijiona mtu mdogo sana pale kati ya vitunguu na viazi. Yeye alipangusa mikono kwenye koti lake.

"Sasa unafanya nini?"

Nikamwambia bado niko ghalani, lakini nimerudi shule, chuo kingine, masomo ya jioni, na niko mwaka wa mwisho. Akaacha bamia.

"Imebaki nini?"

"Kazi moja tu."

"Deadline?"

"Jumatatu, saa sita mchana."

"Umeandika?"

Nilifungua mdomo kusema kwamba nakaribia kumaliza. Maneno yalikuwa tayari ulimini, laini kabisa.

"Sijafika hata nusu, Anti."

Hakunigombeza. Alinyoosha mkono, akanipokonya kikapu chenye nyanya zangu tatu.

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Basi unafanya nini hapa kwa mboga? Mama yako anakaa nyumba gani?"

Nikamtajia mtaa na namba ya nyumba. Akatumbukiza bamia zake zote kwenye kikapu changu.

"Nitampelekea mimi. Enda. Nikifika nikukute umekaa."

Nilikimbia njia nzima, mtu mzima mwenye kitambi, mikono mitupu, watu wa Alum Rock wakinipisha. Alipobisha hodi baada ya nusu saa, nilikuwa nimekaa.